Fundi Yuzhi na Ndoo ya Maji Machachu

"Kwa sabuni," alisema Yuzhi. "Mtungi wangu umeuosha kwa sabuni."

"Ulikuwa unanuka, Mama."

"Hata mimi nanuka. Mbona hujanitia kwenye beseni ukanisugua?"

Nilikuwa nimefika mlangoni na fito za kuanikia tambi begani, nikabaki palepale. Ugomvi wa mkwe na mama mkwe hauingiliwi kichwa kichwa. Caiyun, mke wa Zhigang, alikuwa amesimama katikati ya ua na brashi mkononi, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi. Mapovu yalikuwa bado yanateremka mferejini na kuganda pembeni. Nilipoyaona sikuhitaji kusimuliwa.

"Juu kulikuwa na utando mnene kama wa uji uliolala," Caiyun alijitetea. "Nikajua maji yameoza."

"Yameoza, ndiyo. Yameoza miaka thelathini na miwili. Unadhani kuyaozesha hivyo ni kazi ya mvivu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie usimwage maji ya mtungi? Basi nikuambie pia usiuze paa? Usimpike paka?" Kisha akaniona. "Na wewe Mama Ping, umekuja kuanika nini? Anika hiyo brashi yake."

Nimemwanikia Yuzhi tambi kwa majira kumi na manne na najua saa ya kumjibu na saa ya kushusha fito chini taratibu.

Maji yaliyomwagwa ni yale tunayoyaita maji machachu. Choroko zikilowekwa, zikasagwa na kuchujwa, yanatoka maji meupe ambamo wanga wa tambi na takataka zake vimekumbatiana. Ukiyaacha peke yake, vitaoza vikiwa vimekumbatiana vivyo hivyo. Lakini ukitia maji machachu yaliyobaki kwenye mkupuo uliopita, wanga unaachana na wenzake, unaketi chini mweupe na mgumu kama chokaa, na juu yanabaki maji ya kutumia mkupuo ujao. Ndiyo maana mtungi hauoshwi. Mkupuo unauzaa mkupuo, tangu enzi za karakana ya kijiji, na kabla ya hapo tangu enzi za watu ambao makaburi yao yameshalimwa viazi.

Sasa Caiyun ametoka kwao Guizhou, milimani, ambako maji yakinuka yanamwagwa. Wazazi wake walikuwa wanakuja kumtembelea mwaka mpya, mara ya kwanza tangu aolewe. Alitaka wakute nyumba inanukia. Huyo ndiye mchawi wetu mzima: msichana aliyetaka mama yake asikunje pua mlangoni.

"Tutie siki," alisema. "Siki si chachu pia?"

"Siki tia kwenye matango," Yuzhi akamjibu, akaenda kukaa juu ya gunia tupu.

Alipokaa ndipo nilipoogopa, kwa sababu Yuzhi hakai. Ndani kulikuwa na kilo mia na ishirini za choroko, zimelowa tangu jana. Choroko iliyolowa haimsubiri mtu: leo isagwe, kesho inaanza kuota, keshokutwa ni ya nguruwe. Na ulikuwa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu, siku ya kumi na tisa. Ule ndio mkupuo wa mwaka mpya, ambao nusu ya kijiji hungoja ili tambi ziingie kwenye kabichi na nyama.

Tena kulikuwa na maneno ya Zhigang. Mwanawe huyo anachimba dhahabu kwenye mgodi nyuma ya kilima, kijana mwema lakini ana gari jipya na hana pa kuliweka. Wakati wa vuli alimwambia mama yake: "Mama, una miaka sitini na minane. Siku mkupuo mmoja tu ukiharibika, tunautoa mtungi, chumba kile naweka gari." Yuzhi alikubali, wakapeana mikono. Alikubali kwa sababu hakuwahi kuharibu mkupuo hata mmoja.

Niseme alivyoupata ule ufundi, kwani hakuzaliwa nao.

Baba yake alikuwa mkwangua chumvi huko pwani. Yuzhi alipoletwa hapa kuolewa, ana miaka ishirini na miwili, wanawake wa karakana walimwambia asiguse wanga, asije akautia chumvi kwa mikono ile. Wakampa chujio. Wakati ule mwanamke alikuwa wa chujio na wa kuanika, basi. Kata ilikuwa ya mwanamume. Kata yetu ni kibuyu chenye matundu chini. Fundi anakaa juu ya chungu kinachochemka, mkono wa kushoto umeshika kata iliyojaa kinyunya cha wanga, ngumi ya kulia inapiga, na nyuzi zinashuka majini. Akipiga vibaya zinakuwa nene hapa na nyembamba pale. Yuzhi alichuja miaka mingi akiusikiliza mdundo wa ngumi ya mumewe, Qingtai, bila kuambiwa asikilize.

Karakana ilipovunjwa, vyombo viligawanywa kwa kura. Qingtai akapata kata na mtungi mmoja, na maji machachu yake. Mtungi wa pili ukaenda kwa rafiki yake, Wen Deshun. Majira ya tatu ya baridi Qingtai aliteleza kwenye barafu akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na choroko zilikuwa zimelowa, kama hivi leo. Yuzhi akapanda juu ya chungu.

Wanaume walikuja kutazama na mbegu za alizeti mfukoni, kama waliokuja kwenye maonyesho. Siku ya kwanza nyuzi zilitoka nene.

"Shemeji, hizi ni kamba za viatu," mmoja akasema.

"Zivae basi," akamjibu, akaendelea kupiga.

Baada ya siku nane nyuzi zake zilikuwa nyembamba hata ukiweka juu ya gazeti unasoma. Ngumi yake ya kulia mpaka leo ina sugu kama kisigino. Qingtai alipona, lakini kata hakuirudia. Alikaa kwenye moto, akachochea kuni, akasema kwa utani kwamba yeye ni mpishi wa fundi. Utani huo aliufanya ndani ya ua. Nje ya ua zilikuwa tambi za Qingtai. Wanunuzi walimpa mkono Qingtai. Hata alipokufa, watu waliokuja msibani walimsifu kwamba kijiji kimempoteza fundi wa kata, na mtu yule alikuwa hajaishika kata kwa miaka ishirini. Yuzhi alikuwa anawagawia chakula. Nilimwangalia. Alimwongezea supu yule aliyesifu zaidi.

Sasa habari ya ndoo. Mwaka uleule wa mtulinga, maji ya Deshun yaliganda. Alisahau kuufunika mtungi kwa blanketi, usiku mmoja tu, asubuhi maji yamekufa. Akaja kwa Qingtai na ndoo tupu, Qingtai akamjazia. Desturi yetu inajulikana: maji machachu hayauzwi wala hayanyimwi, lakini ndoo hurudi kabla ya mwaka mpya, na huletwa na aliyeichukua, kwa mkono wake. Deshun hakuirudisha. Mwaka huo wala uliofuata, wala huo mwingine. Miaka ishirini na tisa.

Yuzhi hakumnyamazia. Akimkuta njiani humsalimia, "Ndoo yangu haijambo?" na yule mzee anainamisha kichwa. Kwenye kazi yetu neno kukatika halitamkwi. Uzi ukikatika tunasema umelala, ili wenzake wasisikie wakaiga. Basi Yuzhi alizoea kusema mbele ya watu, "Tambi za Deshun zinapenda usingizi." Kilikuwa kicheko cha kijiji kizima. Nami nilicheka, sitajitoa.

Na sasa mtungi wa Deshun ndio pekee uliobaki na maji hai. Wengine wote wameacha, wananunua wanga wa unga kiwandani.

"Nenda kwake," nikamwambia Yuzhi pale guniani. "Maji yake ni watoto wa maji yako."

"Nikamwombe mdeni wangu?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Zhigang. Lakini ya Deshun hayajamwagika."

"Mithali kaiuze sokoni."

Caiyun alikuwa anasikiliza. Aliniuliza huyo Deshun ni nani na anakaa wapi, nikamweleza kwa kifupi. Akaweka brashi chini, akachukua ndoo, akatoka bila kuaga. Nikamfuata. Mtu asiyejua pa kukanyaga asiachwe peke yake.

Deshun tulimkuta uani anapasua kuni, mzee wa miaka sabini na minne, mjane, kofia ya masikio imefungwa kidevuni. Mtungi wake ulikuwa kwenye chumba cha mbele, umefunikwa mablanketi mawili. Tangu yaliyompata, hafuniki moja.

"Baba Mkubwa," Caiyun akaanza, "mimi ni mke wa Zhigang. Nimemwaga maji ya Mama."

"Yote?"

"Yote. Nikasugua kwa sabuni."

Deshun aliweka shoka chini. Kicheko kilimtoka polepole, kikampanda mpaka akakaa juu ya gogo. "Msamehe mzee," alisema akijipangusa macho. "Miaka yote hii nilidhani mjinga wa kijiji ni mimi peke yangu. Amekutuma?"

"Hajanituma. Nadhani atanifukuza."

"Hafukuzi. Anasema tu." Akanyanyuka, akatuingiza ndani, akafunua mablanketi. Harufu ikatupiga, kali na nzito, ile harufu ambayo mimi nimeizoea kama harufu ya mto wangu. Alikuwa ameshazamisha kopo tuliposikia sauti nyuma yetu.

"Ndoo yangu haijambo, Deshun?"

Yuzhi alikuwa kizingitini. Sijui aliamua saa ngapi kutufuata. Skafu ilikuwa imemkaa upande, na hakufunga viatu.

"Haijambo, shemeji," Deshun akasema. "Imekua."

"Miaka ishirini na tisa. Ingekuwa mbuzi ningekuwa na zizi."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

Mzee aliangalia ndani ya mtungi. "Nilitaka kuileta mwaka uleule," alisema. "Lakini tambi zangu zilikuwa zinakatika."

Nilihisi nywele zimenisimama. Neno lile, ndani ya chumba cha kazi, mbele ya mtungi uliofunuliwa, na limesemwa na mtu aliyeishi na kazi hii tangu utoto.

"Zilikuwa zinakatika," akarudia. "Mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Uliyokuwa unasema njiani yalikuwa kweli. Nyinyi mlinipa maji mazima, mimi nikayalea vibaya. Nikuletee ndoo ya maji yanayougua? Nikasema yakipona nitayarudisha. Yalichukua miaka ishirini. Yalipopona, Qingtai alikuwa ameshazikwa. Nikajiuliza, sasa nimrudishie nani?"

Nilitegemea Yuzhi amrukie. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Unajiuliza umrudishie nani."

"Nilikopa kwake, shemeji."

"Ule mtungi nani alikuwa anaufunika? Nani alikuwa anauonja kila asubuhi kabla hajanywa chai? Qingtai alikuwa hajui kama maji yamechacha au yamelala. Siku ile ulipokuja na ndoo yako, kabla hajakujazia aligeuka akaangalia dirishani. Ulimwona?"

Deshun alifikiri. Ni mtu mkweli, alichukua muda wake. "Nilimwona."

"Dirishani alikuwa nani?"

"Wewe."

"Niliitikia kwa kichwa, akakujazia. Basi ulikopa kwa nani?"

Hapo ndipo nilipojijua kuwa mpumbavu. Miaka kumi na minne nimesimama karibu na mwanamke huyu, ninamcheka na kumwogopa, nikidhani anagombea ndoo.

Deshun akainama mtungini. Akashika kopo, akaanza kujaza ndoo ya Caiyun.

"Usijaze," Yuzhi akamwambia. "Deni haliendewi. Deni huletwa."

Akageuka akaondoka.

"Mama," Caiyun akamkimbilia barabarani, "choroko zitaota."

"Najua habari za choroko. Nimeziloweka mimi."

Njia nzima nilimtukana. Nilimwambia kichwa chake ni jiwe la kusagia, kwamba Zhigang atapata chumba chake cha gari na yeye atakaa jikoni kutazama magurudumu. Tulipofika Yuzhi aliingia moja kwa moja, akawasha mashine, akaanza kusaga choroko. Bila tone la maji machachu. Maji meupe yalianza kujaa mtungini, na sote watatu tulijua kwamba yakikaa mpaka jioni bila chachu yamekwisha. Caiyun alishika chujio bila kuambiwa, akawa anachuja na kulia kwa pamoja.

"Usinitilie chumvi," Yuzhi akamwambia.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa baadaye na mwenye duka, nami namwamini kwa sababu hana akili ya kutunga. Alasiri, wazee walipokuwa wanacheza sataranji mbele ya duka, Deshun alitokea na mti wa mzegazega begani, ndoo mbili zinaning'inia. Kuna njia ya nyuma, ya bustanini, fupi na haina watu. Hakuipita.

"Deshun, unahama?" mmoja akamuuliza.

"Ninalipa deni."

"La nani?"

"La Fundi Yuzhi. Nilikopa maji kwake."

"Si ulikopa kwa marehemu?"

"Sikukopa kwa marehemu," Deshun akasema, na mwenye duka anaapa kwamba alitua mzigo mzima ili aliseme vizuri. "Fundi wa nyumba ile ni mkewe, na hata mtungi ni wake. Tambi mlizokula miaka yote hiyo ni za ngumi ya Yuzhi. Mnajua nyinyi, na mimi nilijua."

Mmoja alisogeza farasi wake mahali pasipofaa.

Sisi tulisikia tu mlango ukigongwa. Mlango ulikuwa wazi, lakini aligonga.

"Fundi," Deshun akaita kutoka nje. Hakusema shemeji. "Fundi, nimeleta maji yako."

Yuzhi alizima mashine. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Ingia," akasema.

Deshun alishusha ndoo mbili. "Hii ni ile. Na hii ni riba ya kungoja kwake."

"Ya kungoja sikuidai."

"Najua. Lakini choroko zako zinaidai. Moja haitoshi."

Yuzhi alichovya kidole kwenye ndoo ya kwanza, akakitia mdomoni, akafumba macho. Tulimngoja. Kisha, bila kusema mazuri wala mabaya, akamwita Caiyun.

"Onja."

"Mimi?"

"Asubuhi ulimwaga bila kuonja. Onja."

Caiyun alionja, uso ukamkunjamana kama ngozi ya tende. "Kali," alisema. Halafu akalamba midomo. "Lakini kuna utamu nyuma yake."

"Nyuma wapi?"

"Hapa, kooni."

Yuzhi alimtazama mkwewe. Hakumtazama hivyo siku ya harusi, nilikuwepo. "Mimina," akamwambia. "Polepole, kwa kuzunguka. Ukimwaga puu nitakupeleka Guizhou kwa miguu."

Caiyun akamimina ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Yuzhi akakoroga kwa mti mara chache tu, akautoa. Baada ya hapo hakuna la kufanya. Unangoja. Kwetu deni la maji machachu halihesabiwi limelipwa maji yakipokelewa; linalipwa wanga ukiketi. Caiyun alimwekea Deshun kikombe cha chai na kigoda. Mzee hakukaa wala hakukigusa kikombe. Alisimama mikono imenyooka ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Zhigang alitoka chumbani, macho mekundu, alikuwa amelala baada ya zamu. Akatuona wanne tumeuzunguka mtungi. "Kuna nini?"

"Nyamaza," mkewe akamwambia. "Wanga unaketi."

"Si huketi kila siku?"

"Leo umeachwa na mama yake, yale maji machachu. Nyamaza."

Zhigang akasogea mtungini. Mvuke wa pumzi zetu ulikuwa unapanda. Maji yalikuwa meupe, yakabaki meupe, na mimi nikaanza kupiga hesabu ya nguruwe wangapi wangeshiba. Kisha pembeni, kwenye ukingo wa mtungi, nikaona mstari wa rangi ya kijani iliyofifia, mwembamba kama uzi: maji yalikuwa yanaachana na wanga. Deshun naye aliuona, maana alivuta pumzi akasahau kuitoa. Mstari ukapanuka taratibu kuelekea katikati.

Yuzhi alichukua kijiti kimoja cha kulia chakula, akakishusha ndani ya mtungi wima, taratibu. Kikashuka, kikashuka, kikagota. Akakisukuma zaidi. Hakikuendelea. Akakitoa na kukiinua kwenye mwanga: ncha yake ilikuwa imeshika wanga mweupe, mgumu, usiodondoka.

"Umeketi," alisema.

Deshun alitoa ile pumzi.

"Yamelelewa vizuri, maji haya," Yuzhi akaongeza, akiwa amempa mgongo, anafunika mtungi. "Kaa chini unywe chai, Deshun. Huna deni kwangu."